UZI: Mzazi asiyelipa matunzo keshashtakiwa kwa jinai. Deni la mtoto linadaiwaje?

Tarazo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba suala hili tulichambue kwa kina, maana watu wengi wanalichanganya na watoto wanaumia. Mahakama ilishatoa amri ya matunzo. Mzazi anayetakiwa kulipa amekaa miezi 26 akilipa kwa kurukaruka: mara kamili, mara theluthi, miezi mingi hakuna kitu. Sasa mwendesha mashtaka amefungua kesi ya jinai na mshtakiwa yuko nje kwa dhamana.

Maswali ni haya. Anayelea mtoto asubiri hukumu ya jinai, au aendelee kudai kwa njia ya madai? Mshtakiwa akifungwa, deni linakufa? Na upande wa mashtaka unahitaji nini hasa kutoka kwa mlalamikaji ili kesi isianguke? Najua kila nchi ina sheria yake. Mwenye mfano wa nchi autaje, lakini tujikite kwenye yale yanayofanana popote.

Mzani

Naanza na swali la pili, kwa sababu hilo ndilo linalowapoteza wengi. Deni halifi. Kifungo ni adhabu ya kosa; malimbikizo ni fedha za mtoto. Mtu anaweza kutumikia kifungo chote, akatoka akakuta anadaiwa kilekile na zaidi, kwa sababu kwa kawaida amri ya kila mwezi huendelea kuhesabika hata akiwa gerezani mpaka mahakama iibadilishe.

Swali la kwanza: asisubiri hata siku moja. Jinai na madai ni mafaili mawili yanayotembea sambamba. Faili la jinai linauliza kama mtu huyu alikataa kulipa kwa makusudi. Faili la madai linauliza fedha ziko wapi na zitafikaje kwa mtoto. Ukisimamisha la pili kusubiri la kwanza, unampa mdaiwa mwaka mzima wa kuhamisha mali.

Sheria ya Matunzo ya Afrika Kusini, Na. 99 ya mwaka 1998, inaonyesha vizuri njia hizi mbili. Siku 10 zikipita bila malipo, mdai anaweza kuomba hati ya kukamata mali, makato ya mshahara, au kukamata fedha ambazo mtu wa tatu anadaiwa na huyo mzazi. Pembeni yake kuna kosa la jinai lenye faini au kifungo cha hadi miaka 3. Akitiwa hatiani, mwendesha mashtaka anaweza kuomba papo hapo amri ya kurejesha malimbikizo pamoja na riba, na amri hiyo ina nguvu ya hukumu ya madai. Sisitizeni neno "kuomba". Mwendesha mashtaka mwenye mafaili 80 mezani anaweza kusahau, hakimu akasoma adhabu, faili likafungwa. Mlalamikaji amkumbushe kwa maandishi kabla ya siku ya hukumu.

Bi_Hesabu

Naungana na mkuu Mzani, ila kabla ya yote hayo kuna jedwali la deni. Kesi hizi huanguka kwenye hesabu kabla hazijaanguka kwenye sheria. Wakili wa utetezi anamuuliza shahidi, "Mwezi wa tisa ulipokea kiasi gani?" Shahidi anajibu hakumbuki vizuri. Kuanzia hapo hakimu anaitilia shaka kila tarakimu.

Jedwali liwe na safu hizi: tarehe ya kudaiwa kwa mujibu wa amri, kiasi kilichoamriwa, tarehe fedha zilipoingia, kiasi kilichoingia, kielelezo (namba ya muamala, ukurasa na mstari wa taarifa ya benki, au stakabadhi), na salio linalobebwa kwenda mstari unaofuata. Kila tarehe ya kudaiwa ina mstari wake. Mwezi usio na malipo hauachwi wazi, unaandikwa 0.

Tuchukue mfano. Amri ni 300 kwa mwezi, sarafu yoyote ile. Miezi 26 ni 7,800. Amelipa 300 kamili mara 4, yaani 1,200, na 100 mara 5, yaani 500. Jumla iliyoingia ni 1,700. Salio ni 6,100, na miezi 17 haina kitu. Hizo tarakimu ndizo zinazotakiwa zionekane kwenye hati ya mashtaka, kwenye kiapo cha mlalamikaji na kwenye maombi ya kukamata mshahara. Zikiwa tofauti mahali popote, utetezi utaanzia hapo.

Makosa yanayojirudia:

Tarehe ya kuanzia. Amri nyingine inahesabu tangu siku maombi yalipowasilishwa, nyingine tangu siku ya hukumu. Soma amri yenyewe, usitegemee kumbukumbu.

Kuongeza gharama ambazo hazimo kwenye amri. Viatu, dawa na safari za shule ni gharama za kweli, lakini kama amri inasema 300 tu, haziingii kwenye malimbikizo. Zinahitaji maombi ya kuongeza kiwango. Ukizichanganya, deni la 6,100 linakuwa 7,400 ambalo huwezi kulithibitisha, na ile 6,100 ya kweli inapoteza heshima.

Kutoandika malipo yaliyopitia kwa bibi wa mtoto, au yaliyochelewa. Yaandike yote. Mlalamikaji anayetaja mwenyewe kile alichopokea anaaminiwa katika kile anachosema hakupokea.

Riba, kama ipo, iwe kwenye safu yake. Usiimeze ndani ya deni la msingi.

Tarazo

Shukrani sana, Bi Hesabu. Na yale malipo ya taslimu yasiyo na risiti? Au mzazi anayesema alilipa ada moja kwa moja shuleni?

Bi_Hesabu

Taslimu: kama mlalamikaji anakubali kuipokea, iingie kwenye jedwali na ujumbe wowote wa siku hiyo uwe kielelezo. Kama anakana, mzigo wa kuonyesha kuwa alilipa huwa kwa anayedai kwamba alilipa, walau kwenye upande wa madai. Kuanzia sasa malipo yote yapite njia inayoacha alama: akaunti ya mahakama, benki au simu. Mlalamikaji asipokee taslimu tena hata kama ni kwa nia njema.

Ada iliyolipwa shuleni inategemea maneno ya amri. Kama amri inasema fedha zilipwe kwa mlezi, mzazi hawezi kujichagulia njia nyingine kisha akajipunguzia deni bila ruhusa ya mahakama. Lakini kwenye jinai malipo hayo yana uzito kwa namna mbili. Utetezi utayatumia kuonyesha kwamba hakumtelekeza mtoto. Mashtaka yanaweza kuyatumia kuonyesha kwamba fedha alikuwa nazo. Kwa hiyo yasifichwe. Yawekwe kwenye safu ya maelezo, nje ya hesabu ya salio.

Mtetezi

Nitaeleza upande wa utetezi, kwa sababu mlalamikaji akijua utetezi unakwenda wapi atajiandaa vizuri, na pia kwa sababu kuna wazazi wanaofungwa ambao kweli hawakuwa na kitu. Hilo halimsaidii mtoto hata kidogo.

Utetezi wenye maana ni mmoja: hakuwa na uwezo. Karibu kila mfumo unautambua. Afrika Kusini kukosa uwezo ni utetezi, isipokuwa kama kumetokana na uvivu wa makusudi au mwenendo mbaya wa mdaiwa mwenyewe. Uingereza, mahakama haimpeleki gerezani mzazi anayedaiwa matunzo ya mtoto bila kujiridhisha kwamba alikataa kwa makusudi au alizembea kwa kiwango cha kulaumiwa, na hata hapo kikomo ni wiki 6. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, inapozungumzia mzazi anayemtelekeza mtoto wa chini ya miaka 14 bila riziki, inaweka sharti kwamba awe na uwezo wa kumtunza. Marekani, katika kesi ya Turner dhidi ya Rogers ya mwaka 2011, Mahakama ya Juu ilikataa kifungo cha miezi 12 alichopewa baba kwa sababu hakimu hakuandika popote kama mtu huyo alikuwa na uwezo wa kulipa. Mahakama ikataja mambo ya kuzingatiwa: mdaiwa aambiwe mapema kwamba uwezo wake ndio hoja kuu, ajaze fomu ya kipato, apewe nafasi ya kujibu, na hakimu atamke wazi kama uwezo upo au haupo.

Watu hupenda kunukuu Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 11, kwamba hakuna kufungwa kwa kushindwa kulipa. Someni vizuri: ibara inazungumzia wajibu unaotokana na mkataba kati ya watu. Matunzo ya mtoto yanatokana na sheria na amri ya mahakama. Hoja hiyo peke yake haimwokoi mtu.

Kinachoziua kesi ni kuthibitisha uwezo kwa jumla jumla. "Ana gari" haitoshi. Alikuwa nalo lini? Liliingiza nini mwezi ambao hakulipa? Miezi 26 igawanywe. Kama miezi 6 ya kati alikuwa amelazwa au amefukuzwa kazi, mwendesha mashtaka mwenye busara anaiacha nje ya shtaka na kushika miezi ambayo ushahidi wa kipato ni mzito. Deni la miezi ile 6 halipotei. Linabaki kwenye faili la madai. Ukiing'ang'ania kwenye jinai, ugonjwa wake utawafunika hakimu macho hata kwa miezi aliyokuwa na mshahara.

Mzani

Hapo umegusa kiini, mkuu Mtetezi. Niongeze namna ya kuupata ushahidi huo kihalali.

Anza na malipo ambayo mdaiwa mwenyewe aliwahi kufanya. Ile 100 iliyoingia mara 5 ilitoka akaunti gani? Jina la benki na la mwenye akaunti viko kwenye taarifa ya mlalamikaji. Hapo una pa kuielekeza amri ya mahakama. Kisha omba wito wa kutoa nyaraka kwa benki, mwajiri, mamlaka ya kodi, masjala ya ardhi, ya magari na ya kampuni. Ombi liwe na jina kamili, namba ya kitambulisho, na kipindi mahususi: anzia miezi 3 kabla ya kukoma kulipa, ili mabadiliko yaonekane. Maombi ya "nyaraka zote alizonazo" hukataliwa kwa upana wake.

Kwa aliyejiajiri, mshahara kwenye karatasi utakuwa mdogo huku kampuni ikimlipia pango, mafuta na simu. Tafuta fomu ya maombi ya mkopo. Mtu anayeiambia mahakama ya watoto kwamba hana kitu huwa ameiambia benki mwaka uleule kwamba ana kipato cha kutosha, tena kwa saini yake. Hakuna kielelezo kinachoishinda fomu hiyo.

Picha za mitandaoni zinasaidia kidogo. Zihifadhiwe ukurasa mzima, na anwani ya ukurasa na tarehe zionekane, si kipande kilichokatwa. Zinaelekeza pa kuchunguza. Peke yake hazithibitishi kipato, maana sherehe inaweza kuwa imelipiwa na mwingine.

Na tafadhali sana: mlalamikaji asiingie kwenye simu wala barua pepe ya mdaiwa. Ushahidi unaweza kutupwa na yeye mwenyewe akajikuta ni mshtakiwa.

Nanga

Mimi nina wasiwasi na uzi mzima. Mkimfunga, nani atalipa? Kazi itapotea, na mtoto atakosa hata ile 100. Sioni kwa nini watu wanashangilia jinai.

Mzani

Wasiwasi wako ni wa haki, Nanga, na hakuna anayeshangilia. Lakini tutofautishe vifungo viwili, kwa sababu watu husema "jela" kana kwamba ni kitu kimoja.

Kipo kifungo cha kulazimisha, kinachotolewa kwa kudharau amri au kama kifungo cha madai. Mdaiwa ana ufunguo mwenyewe: akilipa kiasi kilichotajwa, anatoka siku hiyohiyo. Na kipo kifungo cha kuadhibu, kinachotolewa baada ya kutiwa hatiani. Muda wake umepangwa na kulipa baadaye hakumtoi. Cha kwanza kinafaa kwa mtu mwenye fedha asiyetaka kuzitoa. Cha pili kinafaa kwa mtu aliyekwisha kukwepa njia zote, mwenye kubadilisha kazi kila makato yanapoanza.

Kile cha kwanza kina sharti ambalo wadai wengi hulikosea: kiasi cha kumtoa lazima kiwe kile anachoweza kukitoa sasa. Deni ni 6,100, lakini ushahidi unaonyesha ana 2,000 benki. Ukiomba afungwe mpaka alipe 6,100 yote, amri inaweza kutenguliwa kwa rufaa, maana hana ufunguo wowote mkononi. Omba 2,000, onyesha taarifa ya benki, na salio liwekewe makato.

Nguvu ya jinai iko kabla ya hukumu. Kati ya siku ya kusomewa shtaka na siku ya adhabu, mshtakiwa na ndugu zake wanaweza kupata fedha ambazo hazikuonekana kwa miaka miwili. Kipindi hicho ndicho cha kutumia.

Mtetezi

Nakubali, na ndiyo maana nawaomba mlalamikaji na mwendesha mashtaka wawe makini na makubaliano ya kukiri kosa. Ahadi ya mdomo isikubaliwe. Makubaliano yenye meno yana vitu hivi: kiasi cha mkupuo kinacholipwa kwenye akaunti ya mahakama kabla ya kukiri, amri ya kurejesha inayotaja deni lote kwa tarakimu, kifungo kilichoahirishwa (yaani haendi jela maadamu anatimiza sharti) kwa sharti la kulipa kila mwezi, na makato ya mshahara yanayoanza siku ileile.

Sasa angalieni mtego wa muda. Kifungo kimeahirishwa kwa miezi 36. Mshtakiwa anapendekeza alipe 100 kwa mwezi juu ya ile 300 ya kawaida. Kwa deni la 6,100 hiyo ni miezi 61. Sharti la mahakama linakufa mwezi wa 36 akiwa amelipa 3,600, na 2,500 iliyobaki haina tishio lolote nyuma yake. Ama aongeze mpaka karibu 170 kwa mwezi, ama atangulize 2,500 ya mkupuo ndipo 100 kwa miezi 36 imalize deni. Hesabu hii ifanyike mezani kabla ya kusaini.

Bi_Hesabu

Na iandikwe kwamba kila malipo yanaanza kwa kufidia mwezi unaoendelea, kinachozidi ndicho kinakwenda kwenye malimbikizo. Bila maneno hayo, mdaiwa atalipa 100, atasema ni ya deni la zamani, na mwezi mpya unazaa deni jipya la 300.

Halafu ile karatasi ya "sina madai tena". Mlalamikaji anapewa 1,500 nje ya mahakama na kuombwa asaini. Asisaini. Aandike: "Nimepokea 1,500 kati ya 6,100 zinazodaiwa hadi tarehe fulani, salio ni 4,600." Fedha ni za mtoto, na mzazi hana ruhusa ya kuzisamehe kienyeji kila anapochoka.

Tarazo

Je, mlalamikaji akitaka kufuta kesi baada ya kulipwa hivyo?

Mzani

Kesi ya jinai ni ya dola, yeye ni shahidi. Anaweza kueleza kwamba amelipwa, na mwendesha mashtaka ataamua. Kulipa baada ya kushtakiwa hakufuti kosa lililokwisha kutendeka, ila hupunguza adhabu. Anayefuta na kufungua tena mara mbili tatu hupoteza imani ya ofisi ya mashtaka, na mara ya nne hasikilizwi.

Mtetezi

Kuna hoja ya kunyamaza ambayo bado haijaguswa. Kwenye jinai mshtakiwa ana haki ya kukaa kimya. Kwenye madai anatakiwa ajaze kiapo cha kipato na kujibu maswali. Wakili wake ataomba shauri la madai lisimame mpaka jinai iishe, kwa madai kwamba majibu yake yatatumika dhidi yake.

Mdai asipinge kwa jumla, aombe mgawanyo. Yale yanayomtaka mdaiwa aseme kitu, kama kuhojiwa kuhusu mali au shauri la kudharau amri, yanaweza kusubiri. Yale yasiyohitaji kinywa chake yaendelee: makato kwa mwajiri, kukamata akaunti, zuio la kuuza kiwanja, kukamata kodi anayolipwa na mpangaji. Mahakimu hukubali mgawanyo huu kwa urahisi zaidi kuliko mabishano ya yote au hakuna.

Nanga

Sawa, nimeelewa zaidi. Lakini swali langu la kazi bado lipo. Akifungwa mshahara unakoma.

Mzani

Ndiyo, na hapo ndipo muda unapouma. Makato yawe yameshawekwa kabla ya hukumu, na amri kwa mwajiri itaje wazi siyo mshahara tu bali na malipo ya mwisho: likizo isiyochukuliwa, kiinua mgongo, mafao. Amri inayosema "mshahara wa kila mwezi" pekee humruhusu mwajiri kumkabidhi mafao yote siku ya kuondoka. Afrika Kusini sheria inaruhusu kukamata pensheni na kiinua mgongo kwa ajili ya matunzo, na mahakama zimewahi kuzuia mafao ya mzazi aliyeacha kazi ili yalipie hata matunzo ya miezi ijayo.

Makato yenyewe yana kikomo. Marekani sheria ya shirikisho inaruhusu hadi asilimia 50 ya kipato baada ya makato ya lazima kama mdaiwa anatunza familia nyingine, 60 kama hana, na 5 zaidi malimbikizo yakizidi wiki 12. Ukiomba kupita kikomo cha nchi husika, mwajiri ataurudisha waraka na utapoteza mwezi.

Pia mali zinazohamishwa kwa ndugu baada ya wito. Leteni tarehe tatu: ya kupokea wito, ya kuhamisha, na bei iliyoandikwa. Kiwanja kilichouzwa kwa kaka wiki mbili baada ya wito kwa bei ya kutupa kinaweza kurudishwa na mahakama, lakini ni lazima kaka naye aunganishwe kwenye shauri. Wengi husahau kumuunganisha, na maombi hutupwa.

Mtetezi

Niseme na upande wa aliyefungwa, kwa sababu hapa ndipo madeni yasiyolipika huzaliwa. Mdaiwa aombe kupunguziwa kiwango mara anapopoteza kipato, asingoje kutoka. Marekani, tangu marekebisho ya mwaka 1986, kila malipo yasiyolipwa yanageuka hukumu siku yanapofika, na hakimu hawezi kuyapunguza kwa kurudi nyuma, isipokuwa kuanzia siku upande wa pili ulipopewa taarifa ya maombi. Kanuni za shirikisho za mwaka 2016 zilikataza majimbo kuhesabu kifungo kama kuacha kazi kwa hiari. Asiyeomba anatoka akiwa na deni ambalo hata mshahara mzuri hautalimaliza, naye anakimbilia kazi za kificho. Mlalamikaji anayeelewa hili hapingi punguzo la muda. Anaomba tu liwe na tarehe ya kuangaliwa upya, mfano siku 60 baada ya kuachiwa.

Tarazo

Na akivuka mpaka kabla ya hukumu?

Mzani

Kumrudisha kwa jinai ni safari ndefu na nchi nyingi hazitamkamata kwa kosa hili. Njia ya madai ndiyo inayovuka. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 27, unazitaka nchi zihakikishe matunzo yanakusanywa hata mzazi akiwa nchi nyingine. Chombo cha utekelezaji ni Mkataba wa Hague wa tarehe 23 Novemba 2007, kwa nchi zilizojiunga: maombi hupitia mamlaka kuu ya nchi ya mdai kwenda mamlaka kuu ya nchi aliko mdaiwa, na kwa kawaida msaada wa kisheria kwa matunzo ya mtoto wa chini ya miaka 21 ni bure. Nakala zinazotakiwa: amri kamili, hati inayosema amri inatekelezeka kule ilikotolewa, uthibitisho kwamba mdaiwa alipewa taarifa kama hakufika mahakamani, na jedwali la malimbikizo lenye tarehe lilipohesabiwa. Yote yatafsiriwe. Kinachokwamisha zaidi ni hati ya tatu, uthibitisho wa taarifa. Hakikisheni kiapo cha aliyepeleka wito kiko kwenye faili tangu mwanzo.

Ndiyo maana kwenye dhamana mwombeni mwendesha mashtaka aombe sharti la kusalimisha pasipoti na sharti la kulipa matunzo ya mwezi unaoendelea. Marekani pasipoti inakataliwa kiutawala tu, bila hata jinai, deni likizidi dola 2,500.

Nyuzi_Tatu

Mengine mawili. Katika nchi ambazo serikali humtangulizia mlezi fedha, kama Ujerumani kupitia ofisi ya ustawi wa vijana, sehemu iliyotangulizwa inahamia kwa serikali, nayo ndiyo inayomdai mzazi. Mlalamikaji aitoe kwenye jedwali lake, la sivyo deni lilelile litadaiwa mara mbili na utetezi utalikuta.

Na kumwona mtoto ni jambo jingine kabisa. Kunyimwa kumwona si sababu ya kutolipa, na kutolipwa si sababu ya kumnyima. Mlezi anayefunga mlango kwa hasira anaupa utetezi shahidi wa bure siku ya adhabu.

Tarazo

Nawashukuru wote. Swali la mwisho: kesi imepangwa kusomwa hukumu baada ya wiki 3. Mlalamikaji afanye nini sasa hivi?

Bi_Hesabu

Wiki hii aombe taarifa ya benki na ya simu iliyogongwa muhuri, hadi siku ya kuombwa. Wiki ijayo ampelekee mwendesha mashtaka barua fupi ya kuomba amri ya kurejesha malimbikizo, akiambatanisha jedwali, na abaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Kati ya sasa na siku hiyo miezi inaongezeka, kwa hiyo jedwali lihesabiwe upya siku moja kabla ya hukumu: kama mwezi wa 27 umefika bila malipo, salio si 6,100 tena, ni 6,400. Achape nakala 4: ya hakimu, ya mashtaka, ya utetezi na yake mwenyewe. Kila nakala iandikwe juu "limehesabiwa hadi tarehe fulani", isainiwe kila ukurasa, na taarifa za benki zipangwe nyuma yake kwa mpangilio uleule wa mistari. Na asubuhi ya hukumu, kabla ya kuingia mahakamani, aangalie akaunti tena, maana mdaiwa anaweza kuwa ametuma kitu usiku.